Orkaria na Wachaguzi wa Nyota

Mnamo tarehe 7 Juni 2023, Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulitangaza majina mapya ya nyota 20 pamoja na sayari zinazozizunguka, zote zikiwa miongoni mwa zile zilizoteuliwa mapema ili zitazamwe na darubini ya James Webb, na katika majina hayo yamo mawili yaliyotoka Kenya, yaliyopendekezwa na Wakenya kwa lugha ya Kimaasai: nyota ambayo kabla ya hapo ilikuwa na herufi na tarakimu tu, yaani GJ 1214, ikaitwa Orkaria, kwa wekundu wake unaofanana na ule wa udongo ambao Wamaasai hujipaka, na sayari yake ikaitwa Enaiposha, jina la maji mapana yanayosukwasukwa na upepo. Ni heshima kubwa, nami naipokea kwa moyo mkunjufu. Hata hivyo jina lilikuja mwishoni mwa kazi. Kabla yake ilipita miaka mingi ya kuorodhesha, kupima, kulinganisha na kuchuja, kazi iliyofanywa kwa programu za kompyuta katika vyuo na taasisi za mbali nasi, na ni juu ya kazi hiyo, wala si juu ya jina, kwamba nataka kusema neno na wasomaji wenzangu.

Naandika haya nikiwa Timboroa, kwenye barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, ambapo mstari wa ikweta umepita karibu na stesheni ya reli iliyosimama zaidi ya futi 9,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa sisi ni watu wa ikweta, hakuna nyota ya kusini wala ya kaskazini iliyofichwa nasi daima. Zote huchomoza na kutua mbele ya macho yetu, neema ambayo mtu wa London au wa Cape Town hakujaliwa. Orkaria yenyewe hupita digrii 5 tu kutoka utosini mwetu, na mwezi wa Juni hufika hapo muda mfupi baada ya saa sita za usiku. Jicho tupu haliioni, kwa maana nuru yake ni hafifu takriban mara 3,000 kuliko ya nyota dhaifu kabisa ambayo binadamu aweza kuiona bila chombo. Na Juni kwetu aghalabu ni mwezi wa mawingu, ukungu na baridi iumizayo vidole. Mwenye azma ya kujenga darubini kubwa juu ya kilima simshauri aje Timboroa. Na apande kaskazini, akatafute hewa kavu ya Samburu na Turkana. Lakini kazi ninayoitetea leo haihitaji mbingu safi. Yahitaji kompyuta, mtandao, hesabu na subira, na vitu hivyo vyote vinapatikana, au vyaweza kupatikana, umbali wa safari fupi ya matatu kutoka hapa.

Kwanza yafaa ieleweke kwa nini nyota huchaguliwa. Darubini iliyo angani ni moja, na wanaoitaka ni wengi: katika duru ya nne ya maombi ya James Webb, iliyofungwa Oktoba 2024, zilipokewa ardhilhali 2,377 zilizoomba jumla ya takriban saa 78,000, kiasi cha mara tisa ya muda uliokuwapo. Fauka ya hayo, darubini hiyo haina ruhusa ya kugeukia kokote ipendako, kwa sababu ni lazima kioo chake na vyombo vyake vikae daima katika kivuli cha ngao yake ya jua. Basi kila siku ni kama asilimia 39 tu ya mbingu iliyo wazi kwake, na nyota nyingi huwa na misimu yake ya kuonekana na misimu ya kungoja. Kwa hiyo kabla chombo hakijageuzwa, lazima programu ziulizwe: nyota hii itakuwa wazi lini? Je, si angavu kupita kiasi, hata iyafanye macho ya chombo kiwi? Kuna jirani yake ambaye nuru yake itaingilia? Zipo nyota za kuongozea karibu nayo, ili darubini itulie isitikisike? Na la mwisho, ambalo ndilo zito kuliko yote: je, tutakachojifunza kwake chastahili saa tunazozitoa?

Swali hilo la mwisho halikuachiwa matamanio ya mtu. Limetiwa katika hesabu, na Orkaria ni mfano mwema wa kuionyesha. Sayari yake iligunduliwa mwaka 2009 na mradi wa MEarth chini ya David Charbonneau, kwa darubini nane ndogo, kila moja na kioo cha sentimita 40, zilizowekwa mlimani Arizona. Nazo hazikukagua mbingu nzima, bali nyota kama 2,000 zilizochaguliwa makusudi kwa kuwa ni ndogo, nyekundu na za jirani. Hekima ya uchaguzi huo ni nyepesi kueleza. Sayari ikipita mbele ya nyota yake huziba sehemu ya nuru, na kiasi kinachozibwa hutegemea uwiano wa maumbo yao: dunia yetu ikipita mbele ya jua huziba chini ya sehemu moja katika sehemu 10,000, ilhali Enaiposha, ambayo nusu kipenyo chake ni kama mara 2.7 ya cha dunia, ikipita mbele ya Orkaria, ambayo upana wake ni kama moja ya tano tu ya upana wa jua, huziba zaidi ya asilimia moja. Tena hufanya hivyo kila baada ya saa 38, kwa hiyo mtazamaji hangoji mwaka mzima ili aone mara ya pili.

Mwaka 2018 kikundi cha wanasayansi kilichoongozwa na Eliza Kempton kilichapisha kanuni ya kuzipanga sayari kwa ubora wa angahewa zao kupimika. Chukua nusu kipenyo cha sayari, kipandishe kipeo cha tatu. Zidisha kwa joto lake. Gawanya kwa uzito wake, na ugawanye tena kwa mraba wa nusu kipenyo cha nyota. Kisha punguza kwa kadiri ya ufifi wa nyota hiyo, na uzidishe kwa kizidishi kilichowekwa kwa kundi la ukubwa wa sayari hiyo. Kwa sayari za aina ya Enaiposha, walipendekeza kwamba jawabu likizidi 90, inastahili kufuatiliwa. Enaiposha hupata zaidi ya 400. Kijana wa kidato cha nne aliyefundishwa vipeo vya namba aweza kuifanya hesabu hiyo kwa kikokotoo chake, na akiifanya ataona jambo ambalo maelezo matupu hayalionyeshi: maadamu nusu kipenyo kimepandishwa kipeo cha tatu, kosa la asilimia 10 katika kukipima huongeza jawabu kwa theluthi nzima. Na nusu kipenyo cha sayari hakipimwi pekee. Hutokana na kile cha nyota. Basi aliyekosea kidogo katika kuandika habari za nyota ndani ya orodha, amekosea pia katika kuamua ni sayari ipi itapewa saa za darubini yenye thamani ya mabilioni ya dola.

Kutokana na hesabu za namna hiyo, darubini ya Webb ilielekezwa Enaiposha katika Julai 2022 kwa takriban saa 40 mfululizo, mzunguko mzima, na Kempton huyo huyo akaongoza utafiti uliochapishwa mwaka uliofuata: upande wa mchana wa sayari ile una joto la kama digrii 280 za selsiasi, wa usiku kama 165, na juu yake umetanda ukungu mzito ambao darubini ya Hubble, iliyoitazama mara 15 hapo awali, haikuweza kuupenya. Nalitaja hili kwa sababu moja. Aliyeandika kanuni ya kuchagulia ndiye pia aliyepata kuuliza swali na kusikia jawabu. Sioni dhuluma yoyote hapo. Alistahili kwa juhudi yake. Ila naona njia, na naona kwamba mlango wake ni kule kwenye kanuni.

Mfano ulio mkubwa zaidi ni ule wa TESS, darubini iliyorushwa Aprili 18, 2018 ili itafute sayari katika mbingu karibu zote. Watunzi wake walikusanya orodha yenye vitu zaidi ya bilioni 1.7, kwa kutegemea sana vipimo vya setilaiti ya Gaia ya Ulaya, kisha programu ikachuja mpaka zikabaki kama milioni 9.5 zinazostahili kufikiriwa, kila moja ikiwa na alama yake ya kipaumbele, na juu kabisa kwenye orodha zikachukuliwa kama laki mbili za kupimwa kila dakika mbili. Fungua mstari mmoja wa orodha hiyo, nawe utakuta namba ya nyota, mahali pake, mng'ao wake, joto, upana, umbali, na tarakimu moja ambayo naipenda kuliko zote kwa uaminifu wake: kiasi cha nuru ya majirani kilichochanganyika na nuru ya nyota yenyewe. Jicho la TESS ni pana na si kali, na nukta moja ya picha yake hufunika eneo ambamo nyota kadhaa zaweza kukaa pamoja. Kwa hiyo iliyo katika msongamano hupunguziwa alama, hata ikiwa yenyewe ni njema. Mkulima wa viazi wa huku kwetu aweza kuelewa mara moja: akichagua mbegu kwa ukubwa pekee, asitazame mnyauko ulio katika shamba zilikotoka, atapanda ugonjwa kwa mikono yake mwenyewe.

Lakini kila kigezo, hata kilicho bora, kina wanaoachwa nje. Katika miaka miwili ya kwanza ya TESS, kamera zake zilipangwa zianze digrii 6 kutoka katika njia ya jua, kwanza upande wa kusini na kisha wa kaskazini, zikiacha ukanda katikati. Na programu, kwa kujua kwamba ukanda huo hautaonwa, ikazipa nyota zake zote alama ya sifuri. Ndani ya ukanda huo kuna Kilimia. Kundi lile ambalo wakulima wa pwani na wa bara walilitazama karne nyingi ili wajue majira ya mvua na ya kulima, na ambalo manahodha walilijua kwa jina la Thuraya, lilipata sifuri katika orodha ya kisasa kuliko zote, mpaka mpango ulipobadilishwa na kamera zikaelekezwa kwake mwaka 2021. Sababu ya kuliacha ilikuwa ya haki, wala silaumu. Najifunza tu kwamba sifuri ile haikuwa hukumu juu ya nyota, bali habari juu ya kamera, na asiyejua jinsi orodha ilivyotungwa hawezi kutofautisha mambo hayo mawili.

Yako pia ambayo kigezo hakikuyawazia. Darubini ya Kepler, iliyorushwa mwaka 2009, ilikuwa na kamera ya nukta milioni 95, lakini njia ya kutuma habari duniani ilikuwa nyembamba, hata ikalazimu nyota zaidi ya 150,000 zichaguliwe mapema na sehemu kubwa ya picha zitupwe kule kule angani. Ndani ya hizo zilizochaguliwa, programu zilitafuta upungufu wa nuru unaojirudia kwa vipindi sawa, kama ufanyavyo mpito wa sayari. Nyota yenye namba KIC 8462852 haikujirudia kwa vipindi sawa. Ilipungua bila utaratibu, wakati mmoja kwa zaidi ya asilimia 20, na walioitambua ni watu wa kujitolea waliokuwa wakikagua michoro kwa macho majumbani mwao, katika mradi wa Planet Hunters. Tabetha Boyajian na wenzake waliitangaza mwaka 2015, na mpaka leo vumbi linalodhaniwa kuipunguzia nuru laendelea kuchunguzwa. Waliojitolea wale hawakuwa na darubini. Walikuwa na kiwambo cha kompyuta na nia ya kutazama.

Hapa ndipo inanibidi nirudi nyuma, mpaka Ngomeni, kwenye pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama ndani ya bahari kaskazini ya Malindi, jukwaa lililoasisiwa na Waitaliano chini ya Luigi Broglio, roketi ya Kimarekani aina ya Scout ilirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kutafuta mionzi ya eksirei angani. Msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, aliiita Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Pwani yetu ilichaguliwa kwa sababu za kielimu: ukaribu na ikweta huipa roketi msaada wa mzunguko wa dunia, na setilaiti izungukayo juu ya ikweta huepukana na eneo la mnururisho mkali lililo juu ya Atlantiki ya Kusini, ambalo lingevitatiza vipima vyake. Uhuru ilikagua mbingu nzima; orodha yake ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339, na kimoja cha vile vilivyochunguzwa kwa msaada wake, Cygnus X-1, ndicho kilichowafanya wengi wakubali kwamba mashimo meusi ni kitu cha kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kutoka jukwaa lile lile zilifuata SAS-2 mwaka 1972, Ariel 5 mwaka 1974 na SAS-3 mwaka 1975, na darubini za eksirei za baadaye zilitumia orodha hizo kuchagua pa kutazama.

Basi tumetoa jina mara mbili, mwaka 1970 na mwaka 2023, na baina ya miaka hiyo tumetoa pia bahari na mahali petu kwenye ikweta. Wakati wa Uhuru huenda hatukuwa na la kufanya zaidi, kwa kuwa data ilikuwa katika kanda zilizofungiwa maabara za ng'ambo, na kompyuta moja ilijaza chumba. Udhuru huo leo haupo. Orodha ya TESS, vipimo vya Gaia na hazina ya picha za Hubble na Webb vyote viko mtandaoni bila malipo, isipokuwa kwa kipindi cha mwanzo ambacho baadhi ya watafiti hupewa fursa ya kutangulia. Programu ya kuandikia maombi ya Hubble na Webb hupakuliwa bure na mtu yeyote, nayo humwambia mwombaji papo hapo kama nyota yake itakuwa wazi na lini. Maombi hupokewa kutoka taifa lolote. Katika duru ya kwanza ya Webb yalitoka katika nchi 44. Tena tangu mwaka 2018 wanaoamua juu ya maombi ya Hubble hawaonyeshwi jina la mwombaji wala la chuo chake, na utaratibu huo umefuatwa kwa Webb vilevile. Ardhilhali iliyoandikwa huku kwetu Kesses husomwa kwa mizani ile ile isomewayo ya Cambridge.

Najua jawabu nitakalopewa, maana nimelisikia sokoni na nimelisikia katika mabaraza ya wasomi: nchi yenye barabara mbovu, mbolea ghali na vijana wasio na ajira ina haja gani na nyota? Naliheshimu swali hilo kwa kuwa huulizwa na watu wenye dhiki ya kweli. Lakini halimgusi aliyekwisha kuwa mwanafunzi wa fizikia au wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Moi au Chuo Kikuu cha Eldoret, ambaye karo imelipwa, aghalabu kwa jasho la mzazi, na ambaye katika mwaka wake wa mwisho atapewa mradi wa kufanya kwa vyovyote vile. Gharama ya kumpa mradi huu badala ya mwingine ni ndogo mno. Na maarifa atakayoyapata, ya kusafisha orodha kubwa, kujua kosa limetoka wapi, na kupima kigezo kabla ya kukiamini, ndiyo yale yale yanayotakiwa na wanaosoma picha za mashamba yetu kutoka angani, kazi ambayo setilaiti yetu Taifa-1 ilirushiwa mnamo Aprili 2023. Ghairi ya faida hizo, nasema bila haya kwamba kutaka kujua ni haja ya binadamu, na mtoto wa Timboroa ana fungu lake katika haja hiyo sawasawa na mtoto wa Baltimore.

Kinachokosekana ni muda wa walimu na fedha kidogo. Marekani hutoa ruzuku za utafiti kwa wale walio katika taasisi zake tu, hata pale maombi ya mgeni yanapokubaliwa. Basi mhadhiri wa hapa aliyeshinda saa za darubini hubaki hana wa kumlipia msaidizi, wala safari, wala mtandao wa uhakika. Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoundwa mwaka 2017, na litenge ruzuku ndogo mahususi kwa kazi hii, itolewe kwa ushindani na kwa siri ya majina kama wafanyavyo wenzetu. Vyuo vya Eldoret na viwe na duru yao ya ndani kila mwaka, ambamo wanafunzi huandika maombi ya nyota wanazozitaka na kuyatetea mbele ya wenzao, miezi kadhaa kabla duru ya kimataifa haijafungwa. Na shule za sekondari, ambako Bi. Susan Murabana na wenzake wa The Travelling Telescope wamekuwa wakizunguka kuwaonyesha watoto mbingu, zipewe mwongozo kwa Kiswahili wa hesabu kama ile ya Enaiposha, ili mtoto akitoka kwenye darubini aende kwenye daftari.

Pa kuanzia pako tayari. NASA inatayarisha darubini iitwayo Habitable Worlds Observatory, itakayorushwa, Mungu akipenda, katika miaka ya 2040, ili itafute dalili za uhai katika sayari zilizo mithili ya dunia, na mwaka 2023 ilichapisha orodha ya awali ya nyota 164 zilizo bora kwa kazi hiyo. Orodha hiyo haijafungwa. Zipo nyota zitakazoongezwa na zitakazoondolewa, kila moja kwa hoja na vipimo, kwa mfano nyota ikigunduliwa kuwa na mwenzi aliyejificha au umri uliokisiwa vibaya. Nyota 164 zagawanyika vizuri katika darasa la mwaka wa tatu: kila mwanafunzi achukue nne au tano, asome yote yaliyoandikwa juu ya kila moja, apime upya kwa data ya Gaia na ya TESS, na aandike kurasa mbili kueleza kama ingefaa ibaki au itoke. Muhula unaanza Septemba.